Ua la mlango, bikari na miche ya mvule: siku yangu moja kazini

Saa 1 asubuhi

Nikifika karakanani napiga magoti mbele ya mlango kabla hata ya kufungua madirisha. Jana jioni nilitandika karatasi nyeusi chini ya miimo yake, yaani nguzo za pembeni, yote miwili. Leo upande wa kulia karatasi ni safi. Upande wa kushoto kuna vijilima vitatu vya vumbi jepesi kama unga. Bungua bado wamo ndani na wanakula. Nazungushia chaki kila tundu lililotoa vumbi usiku, naandika tarehe daftarini.

Mlango wenyewe ni wa nyumba moja ya Mji Mkongwe, Unguja, wenye nakshi kuanzia kizingiti cha juu hadi mfaa, ule ubao wa katikati. Mguu wa mwimo wa kushoto umeoza kiasi cha shubiri. Sababu yake naijua. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hupumua. Maji yanayopanda kutoka ardhini hutokea taratibu kwenye plasta ya chokaa na kukauka. Zamani fundi mmoja, kwa nia njema kabisa, aliusiliba ukuta huo kwa saruji. Maji yakakosa njia, yakaingia kwenye mbao. Nimeliona jambo hili katika nyumba nyingi na kila mara linaniuma, maana chokaa ilikuwepo, ni rahisi, na wazee walijua kwa nini waliitumia.

Saa 3

Fundi wetu mkuu anaingia na chupa ya chai ya tangawizi. Sote tunamwita Babu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu. Wadudu wamelalaje?"

Namwonyesha karatasi. Anatikisa kichwa, tunakunywa chai.

Kisha nakata ubale mwembamba wa mbao kutoka nyuma ya ubao, pasipoonekana, nauangalia kwa kioo cha kukuza mara 10. Vitundu vikubwa vimejipanga mwanzoni mwa kila pete ya mwaka: huu ni msaji, mti uliokuja na majahazi kutoka Bara Hindi. Kipima unyevu kinasoma asilimia 11. Ni majira ya kaskazi, hewa kavu. Masika ikishika, ubao huuhuu utafika 16 au karibu yake.

Tofauti hiyo ya 5 ndiyo inayonikosesha usingizi. Mbao hazirefuki kwa unyevu kiasi cha kuhesabika, ila hutanuka kwa upana. Ubao wa msaji wenye upana wa milimita 240, ukiwa umepasuliwa ili pete zilale sambamba na uso wake, utatanuka kama milimita 2 kati ya kaskazi na masika. Ukipasuliwa kwa namna pete zisimame, ni nusu ya hapo. Kiraka kilichobanwa sana leo kitapasua nakshi mwezi wa Aprili. Kwa hiyo kila kiraka nakipigia hesabu kwanza, na nyuzi zake lazima zielekee kama za ubao wa asili.

Saa 4 hadi saa 7

Hapa ndipo siku inapokolea. Kwenye kizingiti cha juu palikuwa na ua la duara. Zaidi ya nusu yake imevunjika na kupotea, na hatuna picha yake ya zamani. Imebaki pande moja ya ukingo na petali nne.

Mimi nilisomea hisabati kabla sijaijua patasi, na kwa siku kama hii namshukuru Mungu. Duara lote limo ndani ya kipande chake chochote. Naunganisha ncha mbili za tao kwa mstari ulionyooka: milimita 84. Kutoka katikati ya mstari huo hadi kwenye tao: milimita 14. Zidisha 84 kwa 84, gawanya kwa mara 8 ya 14, unapata 63; ongeza nusu ya 14. Nusukipenyo ni 70.

Sasa petali zilikuwa ngapi? Kutoka ncha ya petali moja hadi ya jirani yake napima kwa wastani milimita 36. Kwenye duara hili, petali 10 zingeachana zaidi ya 43, na 11 zingeachana zaidi ya 39. Petali 12 zinatoa 36.2. Ni 12.

Babu hajaangalia karatasi yangu. Amechukua bikari, ameifungua kwa nusukipenyo kilekile, na anaitembeza juu ya duara nililochora.

"Duara hujikata lenyewe mara 6," anasema, kisha anagawa kila sehemu mara mbili. 12.

Nikamuuliza kuhusu ua la petali 7. Mwanahisabati Mfaransa Pierre Wantzel alithibitisha mwaka 1837 kwamba kwa bikari na rula tupu haliwezekani kugawiwa sawasawa. Babu akasema 7 yeye huipata kwa kujaribu na kurudia mpaka ncha ya mwisho ikutane na ya kwanza, na jicho la mpita njia haliwezi kuona tofauti. Naona amesema kweli.

Ubishi ukaja kwenye jambo jingine. Petali za zamani hazilingani: kuna nafasi ya 35 na kuna ya 37. Je, zetu tuzipindishe kidogo zifanane na ndugu zake? Babu alitaka hivyo, kwa heshima ya fundi wa kwanza. Mimi nilikataa. Mkataba wa Venice wa 1964, unaohusu uhifadhi wa majengo ya kale, unataka sehemu mpya ikae vizuri na ya zamani lakini itambulike, na kuiga kutetereka kwa mkono wa mtu mwingine ni kumsemea asiyekuwepo. Tukakubaliana: petali zetu zitafuata 36, zitachongwa chini kidogo ya uso wa zamani, na nyuma tutaandika mwaka.

Saa 9 alasiri

Baada ya sala na chakula naenda kitaluni. Tuna miche 60 ya mvule, nusu kivulini na nusu juani, iliyopangwa kwa kura ili mkono wangu usipendelee. Mvule ni mbao nzuri ya miimo, lakini mche wake una adui: kidudu kidogo cha jamii ya *Phytolyma* huingia kwenye chipukizi, mmea unavimba na kumfunika. Uvimbe ukipasuka, kuvu huingia na ncha inakufa. Mti mkubwa huvumilia, mche hauwezi.

Nahesabu uvimbe, mche kwa mche, kijana wa kitaluni anaandika. Mche wa 23, uliokuwa umekauka ncha, umetoa chipukizi jipya ubavuni. Tunauchuchumalia kwa muda mrefu.

"Dada, huu tukiutunza utatoa mlango lini?"

"Mjukuu wako atakuwa na ndevu."

Akacheka, akauongezea maji.

Saa 12 jioni

Nimerudi karakanani. Natandika karatasi nyeusi mpya. Babu ameloweka gundi ya ngozi kwenye maji baridi. Kesho tutaipasha taratibu ndani ya sufuria ya maji moto. Tunaitumia hiyo kwa sababu maji ya uvuguvugu huiachisha, na atakayepata njia bora kuliko yetu ataweza kukitoa kiraka bila kuumiza msaji. Kipande kipya kiko mezani, petali 3 zimeshachongwa. Zimebaki 5.