Kemia ya saa kumi alfajiri

Juzi mtoto wa kaka kanitumia ujumbe wa sauti akiwa kwenye basi la shule, makelele matupu: "Shangazi, GPA yangu ni 3.8. Uingereza watanichukua?" Nikacheka peke yangu kwenye foleni ya duka mpaka watu wakageuka. GPA ni wastani wa alama zako za shule huku Marekani, na swali lenyewe si la kijinga. Niliwahi kuliuliza mimi, na siku niliyojibiwa Baba alikuwa amesimama pembeni yangu, kavaa msuli juu ya suruali ya baridi.

Februari 2015, Columbus, Ohio. Mama mdogo anayeishi Reading, Uingereza, alikuwa ameshanijaza maneno: shahada kwao miaka mitatu, si minne kama huku, na chumba kwake kipo. Nikaomba biokemia. Fomu ya UCAS, ile ya pamoja ya kuombea vyuo vya Uingereza, enzi hizo ilikupa nafasi ya vyuo vitano na barua moja ya kujieleza, herufi 4,000 pamoja na nafasi kati ya maneno, basi. Mwalimu anayekupendekeza naye anatakiwa aandike utapata alama gani katika mitihani ambayo bado hujaifanya. Kaunsela wa shule yetu aliposoma kipengele hicho alivua miwani. Shule za Marekani hazina kazi hiyo. Wao wanajumlisha ulichokwisha kupata. Nilipomsimulia Baba akauliza, "Kwani mock hamfanyi?"

Hatukufanya mock. Tulikuwa na masomo chungu nzima kwa miaka minne, yakiwemo mazoezi ya viungo na ufinyanzi wa vyungu, na yote yanaingia kwenye wastani. Ufinyanzi nilipata A. Ulinipandisha vizuri tu.

Kisha chuo kimoja, kile nilichokitaka hasa, kikaleta barua pepe kwamba maombi yangu hayajitoshelezi. Mama mdogo akasema usiandike, piga. Ofisi zao zinafunguliwa saa tatu asubuhi, na Ohio iko nyuma yao kwa saa tano.

Basi saa kumi alfajiri tuko mezani jikoni. Baba alikuwa na usiku wa mapumziko, ghalani hawakumhitaji, lakini mwili umeshazoea kukesha na macho yalikuwa makavu kabisa. Mama kaweka chai ya tangawizi kisha kasimama mlangoni na kanga yake kichwani, anajifanya yuko njiani kurudi kulala. Simu tumeiweka sauti ya juu. Muziki wa kusubirisha watu ukapiga, ukapiga, nami naangalia salio la Skype linavyopungua.

Akapokea mama mmoja mwenye sauti ya upole mno. Nikajitambulisha, nikataja diploma, nikataja GPA, nikataja na SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani. Akasikiliza yote. Kisha akasema diploma ya sekondari ya Marekani wao wanaihesabu sawa na GCSE.

Baba akanitazama. Akaninong'oneza, "Form Four." Wala hakushtuka. Ni kama alikuwa anasubiri mtu mwingine aseme.

Mama yule akauliza kama nina mitihani ya AP, ile ya Marekani ya kiwango cha chuo yenye alama 1 hadi 5. Nikasema ninayo Biolojia, nimepata 5, na Mei nitafanya Hisabati. Vizuri, akasema, sisi tunataka mitatu, kuanzia alama 4. Na Kemia je?

Kemia nilisoma darasa la kumi, nikapata A. Nikamwambia hivyo.

Kimya kidogo, vidole vikigonga kibodi upande wa pili. Akasema kwa upole uleule kwamba Kemia ya darasa la kumi hawawezi kuihesabu kwa mtu anayeomba biokemia. Nimtazame Baba: kachukua bahasha ya bili ya umeme, kaandika kwa herufi kubwa PCB, kapiga mstari chini. Yeye alisoma PCB Tanzania, pale sekondari ya Mzumbe. Fizikia, Kemia, Biolojia, miaka miwili, hakuna ufinyanzi. Akanisogezea ile bahasha kama ushahidi mahakamani.

"Mwambie utaifanya Kemia."

Nikaziba simu kwa kiganja. "Baba, shuleni kwetu AP ya Kemia haipo."

"Mwambie."

"Nani atanifundisha?"

"Mwanangu, huyo mama anasubiri na salio linakwisha. Mwambie."

Nikamwambia. Sauti yangu ilitoka nyembamba. Yule mama akasema ataliandika kwenye faili langu, akanitakia asubuhi njema. Mama akaondoka mlangoni bila kusema kitu, nikasikia anacheka chumbani.

Kilichofuata nakikumbuka kwa vipande. Mtihani wa AP unaweza kuufanya hata kama hukusoma darasa lake, mradi upate shule inayousimamia na ikubali kukusajili kabla muda haujapita. Tuliipata moja upande wa pili wa mji. Vitabu tuliazima maktaba ya umma. Baba akitoka zamu ananifundisha moli na titresheni, nusu Kiswahili nusu Kiingereza cha Mzumbe, akisinzia katikati ya milinganyo na akiamka palepale alipoishia. Ahadi ya nafasi ikaja, yenye masharti. Julai matokeo yakatoka mtandaoni. Kemia 4. Hisabati 4. Masharti yametimia.

Halafu tukasoma sehemu ya viza. Ada ya mwaka wa kwanza pamoja na pesa za kujikimu, zikae benki siku 28 mfululizo bila kuguswa. Ada yenyewe ni ya wageni, siyo ile ya wenyeji. Mkopo wa serikali ya Marekani ungenifuata hadi huko, lakini fungu la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ni dola 5,500, na mkopo wa wazazi Baba alisoma mpaka kwenye neno riba akafunga kompyuta.

Nikaenda Ohio State. Vyuo vya umma vya Ohio vinatambua AP kuanzia alama 3, kwa hiyo ile Kemia waliyoidai Waingereza ilinivusha somo la mwanzo la Kemia nyumbani. Nilitaka nione raha kwa hilo. Niliona, nusu.

Sijajua mpaka leo kama Baba alisononeka. Wakati mwingine nafikiri ile miezi mitatu ilikuwa ya kwake zaidi kuliko yangu, na huenda alipata alichokitaka. Kwenye harusi za Watanzania, mtu akimuuliza habari za wanawe, huwa ananionyesha kwa kidevu na kusema, "Huyu kafanya Form Six Marekani." Watu wanatikisa kichwa kwa heshima. Nami nakaa kimya, namega sambusa.