Darubini ya jioni: nilivyozipima mwenyewe hapa Bukavu

"Yaya, chukua hii ya vioo vyekundu, 10x25, inaona hata usiku." Mchuuzi wa darubini aliniambia hivyo bila kupepesa macho (10 ni ukuzaji, 25 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita). Haioni usiku, na inaniuma kuona watu wakiliwa pesa zao kwa maneno kama hayo.

Mimi hupenda kutazama wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wakiingia Ziwa Kivu saa kumi na mbili jioni, na giza la kwetu halisubiri mtu. Nikaazima ile nyekundu na 8x40 ya kaka yangu. Kupiga picha kwa simu kupitia kila moja hakukusaidia: kamera hujirekebisha mwanga yenyewe, zote zikatoka sawa.

Ndipo nikakata katoni. Duara lenye tundu la milimita 20 katikati, nikalibandika mbele ya lenzi moja tu ya ile 8x40. Gawanya upana wa lenzi ya mbele kwa ukuzaji, utapata upana wa mwanga unaofika jichoni. Upande ulio wazi, 40 kwa 8, ni milimita 5. Upande wa katoni ni 2.5, sawasawa na 10x25. Darubini ileile, vioo vilevile, kilichobadilika ni mwanga tu! Mchana nilifumba jicho hili, nikafumba lile, sikuona tofauti, maana juani mboni hubana hadi milimita 2 au 3 na mwanga wa ziada haupiti. Jua lilipozama upande wa mlima Kahuzi, upande wa katoni ukaanza kuwa kijivu. Zile nguzo ndefu za mitumbwi zikapotea kabisa, huku jicho la pili likiona bado hata mikono ya wapiga kasia. Nilimwita kaka, nikaita na majirani, kila mmoja ajionee.

Wekundu ule wa vioo unarudisha nje mwanga mwekundu, ndiyo sababu kila kitu ndani kinaelekea kijani. Tafuta vinavyong'aa kijani au zambarau kwa mbali. Halafu nyosha mkono, elekeza darubini kwenye anga: kiduara cha mwanga kwenye kioo cha kutazamia kikiwa na kingo za kijivu zilizokatwa pembe, prizimu (kioo cha ndani kinachopindisha mwanga) ni ya bei rahisi. Na tafadhali, usiielekeze kwenye daraja la Ruzizi, mpakani na Rwanda, wala kwa askari.

Mwishowe nilinunua 8x42, dola mia na kitu. Baba mdogo alitaka 7x50, nikamkataza: inatoa milimita 7, lakini mboni za wazee wengi hazifunguki tena kiasi hicho, na uzito wake atauhisi shingoni.