Mwenye meza ni mimi

Meza ya pulu iliyo mbele ya genge langu hapa Magomeni, Mtwara, ni mali yangu. Natanguliza hilo kwa sababu kila mgeni anayetaka chenji ya sarafu humuulizia "mwenye meza" huku ananitazama nikikata nyanya. Niliinunua kwa hela ya korosho za shamba la marehemu baba, ikiwa imeshatumika, na kitambaa kina kiraka karibu na shimo la kona. Chini ni mchanga, kwa hiyo miguu nimeiwekea vipande vya mbao. Mvua ikipiga sana naanza upya kuisawazisha, la sivyo mipira yote inakimbilia upande wa barabarani.

Nacheza pia. Navaa suruali ndani ya dera, kanga kiunoni, kazi inaendelea. Shangazi yangu jambo hilo halijamwingia mpaka leo: mwanamke ainamie meza, na wanaume wamesimama nyuma yake?

Basi nikamwonyesha kwenye simu fainali ya mwaka 2024 ya ubingwa wa dunia wa wanawake wa snuka, mchezo wa fimbo na mipira ulio ndugu wa pulu, iliyochezwa Dongguan, China. Bai Yulu wa China dhidi ya Nutcharut Wongharuthai wa Thailand, ambaye dunia nzima inamwita Mink. Shangazi alitazama kidogo, akauliza, "Huyu aliyekaa kitini anasubiri nini?" Nikamwambia anasubiri mwenzake akosee, ndipo naye ainuke.

"Kumbe uke wenza," akasema, akarudi kwenye mchicha wake.

Na kweli. Sisi kwenye pulu ukisubiri zamu unasimama, unapiga domo, unamtia mwenzako kiwewe. Snuka ni kukaa na kunyamaza. Meza ina urefu wa futi 12, mipira myekundu 15 na ya rangi 6. Unaingiza mwekundu, pointi 1, kisha wa rangi. Huo wa rangi unarudishwa mezani, unafuata mwekundu mwingine. Mweusi ndio mkubwa, pointi 7. Mwenzako akishika mwendo unaweza kumaliza fremu, yaani raundi moja ya mechi, hujagusa fimbo. Na akichukua mweusi baada ya kila mwekundu, kisha akasafisha meza yote, anafikisha 147. Mink alifikisha 147 mwaka 2019, kwenye mechi ya mazoezi huko kwao.

Sasa tazama fainali zake. 2022, Sheffield, Uingereza: alimfunga Wendy Jans wa Ubelgiji 6–5, akawa bingwa. 2023, Bangkok, nyumbani kabisa: akafungwa 6–3 na Mthailand mwenzake, Baipat Siripaporn. 2024 ndiyo hiyo ya shangazi, akafungwa na Bai Yulu 6–5. 2025 Dongguan tena, Bai Yulu tena, 6–4. Vijana wa jioni wanasema ana gundu. Gundu gani hilo linalomfikisha mtu fainali kila mwaka? Mimi niko kwa Mink, na kila mwaka bando langu linaishia kwake.

Kuna dereva wa bodaboda, mbishi kweli, yeye anataka wenye makombe tu. Anamtaja Reanne Evans, Mwingereza mwenye mataji 12 ya dunia ya wanawake, kumi kati ya hayo mfululizo, 2005 hadi 2014. Sawa, heshima yake. Mimi nikamtajia Vera Selby, bingwa wa kwanza kabisa, mwaka 1976, aliyerudi kulichukua tena 1981 akiwa na miaka 51. Hapo alinyamaza, maana alikuwa ametoka kuniambia umri wangu ni wa kukaa na wajukuu.

Ubishi mkubwa ulikuja nilipowaambia kwamba bingwa wa wanawake hupewa nafasi ya miaka miwili kwenye mashindano ya kulipwa, anakocheza na wanaume, meza ile ile, bila kupunguziwa futi hata moja. Bai Yulu aliingia kwa njia hiyo. Wakasema atafungwa. Atafungwa, ndiyo, hata wao wanafungwa, tena na mimi, kisha wanasingizia chaki.

Msimu wa korosho ukienda vizuri nabadilisha kitambaa. Na asubuhi, kabla ya saa nne, meza itakuwa ya wanawake, bure. Wawili wameshaniambia watakuja. Mmoja ameuliza kama dera linaruhusiwa. Linaruhusiwa.