Kuziba oili kwenye haidro ya Cub Cadet 1450, Cedar Rapids

Ukinunua nyumba yenye uwanja huku Iowa, umenunua na kazi ya nyasi. Zikizidi kimo kilichowekwa, jiji linakuandikia barua. Ukikaa kimya wanaleta watu wa kufyeka na bili unaletewa wewe. Kwa mashine ya kusukuma, uwanja wangu unamaliza Jumamosi nzima. Kwa hiyo jirani yangu, mzee aliyelima mahindi na soya tangu ujana, aliponiambia nikikokota trekta lake la bustani ni langu, nililikokota siku hiyohiyo.

Ni Cub Cadet 1450 ya International Harvester, toleo lililotoka kati ya 1974 na 1979. Injini ni Kohler ya silinda moja, nguvu ya farasi 14, na nyuma kuna gia boksi ya chuma cha kalibu, nzito kweli. Tatizo lilikuwa moja: likilala usiku, asubuhi chini kuna dimbwi la oili.

Nilipouliza kwenye duka moja la mashine, jibu lilikuwa afadhali ninunue jipya. Siwashangai. Saa moja ya fundi huku inapita dola 100, na hakuna atakayekubali kulipia kazi zaidi ya bei ya trekta lenyewe. Ila mimi saa zangu za Jumapili hazina bei, na nimekulia kwenye gereji ya mjomba wangu kule Moshi, ambako Massey Ferguson 165 ilifunguliwa mpaka nati ya mwisho na ikarudi shambani.

Trekta hili halina gia za kubadilisha. Kuna haidro ya kampuni ya Sundstrand, yaani pampu ya oili na mota inayozungushwa na oili hiyo, vilivyofungwa pamoja. Injini inazungusha pampu kwa propela shafti. Ndani, pistoni zinazunguka zikiegemea sahani inayoweza kuinama. Sahani ikiwa wima, pistoni haziingii wala kutoka, na trekta limesimama hata injini ikinguruma. Ukisukuma kishikio kidogo, sahani inainama, oili inapelekwa kwenye mota, magurudumu yanatembea. Ukikivuta upande wa pili, unarudi nyuma. Sahani inashikiliwa na vishafti viwili vifupi vinavyotokeza pembeni, kulia na kushoto. Watu wa huku wanaviita trunioni. Kila shafti inapochungulia nje kuna sili, pete ya mpira ya kuzuia oili isitoke, na mpira wa miaka karibu hamsini umekauka.

Rafiki yangu wa Uvira alipokuja kunisaidia kuinua, alichungulia chini akasema, "Mukubwa, hii mafuta inatoka wapi sasa? Ni fasi yote!" Alikuwa sahihi. Kwenye shafti ya kuingilia pampu kuna feni ya kupooza, na tone likidondokea pale feni inalirusha mpaka kwenye ekseli. Juu yake nyasi na vumbi la miaka vimeganda kuwa utando mweusi. Ukinunua sili kwa kufuata mahali palipolowa, utabadilisha zote na bado itavuja.

Kwa hiyo kazi kubwa ilikuwa kuosha. Dizeli, brashi, kijiti cha kukwangua kwenye kona, halafu matambara hadi chuma kikaonekana. Mashine ya maji ya presha sikuigusa, kwa sababu inasukuma maji na mchanga ndani kupitia sili zilezile zilizochoka. Kilipokauka nikanyunyiza poda ya mtoto kila upande, nikaliweka trekta kwenye stendi magurudumu ya nyuma yakiwa hewani, nikawasha. Poda ikalowa mbele, pale shafti inapoingia kwenye pampu. Trunioni ya kushoto ilitoa jasho kidogo tu. Gasketi kati ya haidro na gia boksi ilikuwa kavu, nikashukuru, maana hiyo ingenilazimu kuitoa haidro nzima.

Oili niliyomwaga ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa. Mzee akanieleza: ile dhoruba ya upepo mkali, derecho, ya Agosti 10, 2020, iliyoangusha zaidi ya nusu ya miti ya mji huu, ndiyo iliyobomoa banda lake, na trekta likanyeshewa mpaka alipopata turubai. Maji yakaingia, shafti ikashika kutu pale midomo ya sili inapokaa. Kutu ni kama msasa, inaula mpira mpya vilevile ulivyoliwa wa zamani.

Baada ya kutoa madigadi na kiti, nilipiga pini ya kapulingi ikatoka, nikasogeza propela shafti, nikachomoa feni. Sili ya zamani nilitoboa tundu dogo, nikafunga skrubu, nikaivuta kwa koleo. Ujanja wote ni drili isiguse shafti. Kutu niliing'arisha kwa msasa laini kwa kuzungusha, kamwe si kwa urefu, maana mkwaruzo wa urefu ni njia ya oili. Sili mpya niliipata kwenye duka la beringi mjini kwa namba zilizoandikwa kwenye ile ya zamani. Kabla ya kuivalisha nilizungushia shafti selotepu pale penye kona kali, nikapaka grisi, nikaigonga taratibu kwa soketi yenye upana wake. Pampu yenyewe sikuifungua. Ndani ni nyuso zilizosuguliwa kwa usahihi mkubwa, na punje moja ya mchanga inatosha kuzikwaruza.

Nilifunga filta mpya, nikajaza oili ya haidroliki na gia iitwayo Hy-Tran, karibu lita 6 na nusu, kwa kuwa haidro na gia boksi zinashirikiana oili moja. Halafu hewa lazima itoke: magurudumu yakiwa bado juu, injini ikienda taratibu, unapeleka kishikio mbele na nyuma kidogokidogo mpaka ule mlio wa kulalamika unyamaze. Unazima, unapima, unaongeza.

Mbele sasa ni pakavu. Mimi nitaimwaga oili hii mapema, baada ya kukata nyasi mara chache, ili itoke na maji yaliyobaki ndani. Trunioni ya kushoto inangoja msimu wa baridi, kwa sababu tundu linaloshika kishikio limelika na trekta linashtuka kidogo unapoondoka. Hapo haidro itabidi itoke kweli, na rafiki yangu wa Uvira tayari ameniambia nimwite wikiendi ambayo hana zamu.