Maktaba ipo, programu haiioni: nilivyohamisha mfumo wa malipo kutoka Java 8

Mfumo niliokabidhiwa uliandikwa enzi za Java 8. Mhasibu anabonyeza kitufe, mfumo unatoa faili la XML la pain.001, agizo la malipo kwa muundo wa ISO 20022, na benki inalipa mishahara. Uamuzi wa ofisi ulikuwa kuhamia Java 11. Kodi, yaani msimbo wa programu, ilikuwa bado inajengwa kwa JDK 8, zana za kutengenezea programu za Java, kwa hiyo tulianza kwa kubadilisha Java kwenye seva ya majaribio peke yake. Tomcat 9, seva inayoendesha programu yetu ya wavuti, ikawaka bila kulalamika, watu wakaingia, ripoti zikafunguka. Mhasibu alipobonyeza kitufe chake ndipo logi ikaandika NoClassDefFoundError: javax/xml/bind/JAXBException, yaani klasi (kipande cha programu) inayohitajika haijapatikana.

Chanzo kinajulikana. JAXB, maktaba ya kugeuza vitu vya Java kuwa XML, ilikuwa ndani ya Java yenyewe. Java ilipogawanywa kuwa moduli katika toleo la 9, mwaka 2017, moduli ya java.xml.bind iliwekwa kwenye orodha ya zitakazoondolewa, na Java 11 ya Septemba 2018 ikaiondoa kabisa, pamoja na JAX-WS, CORBA na nyingine. Java hupakia klasi pale inapohitajika kwa mara ya kwanza, si programu inapowaka. Ndiyo maana mfumo wenye pengo unaweza kuhudumia watu wiki nzima, ukaanguka siku ya mishahara.

Hapo niliacha kuamini maneno “seva imewaka”. Nilianza na jdeps, zana inayokuja na JDK: unaielekeza kwenye klasi zako na mafaili ya JAR (vifurushi vya klasi) yaliyo ndani ya WEB-INF/lib, folda ya maktaba za programu yetu, nayo inataja kila kifurushi kinachohitajika na kile isichokipata. Ina upofu wake, kwa sababu klasi inayoitwa kwa jina lake kupitia Class.forName haiioni. Hizo nilizitafuta kwa macho, kazi ya kuchosha.

Kuongeza JAXB kulikuwa na mtego wa matoleo. Faili liitwalo jakarta.xml.bind-api toleo la 2.3.3 lina vifurushi vya javax.xml.bind, la 3.0 lina vya jakarta.xml.bind. Jina la faili ni lile lile. Kodi yetu ilikuwa ya javax, basi nikabaki kwenye 2.3. Pia API, orodha tu ya kile kinachoweza kuitwa, haitoshi peke yake. Inahitaji jaxb-runtime, ambayo ndiyo inayofanya kazi yenyewe. Ni kama kuwa na menyu bila mpishi.

Kitufe kikafanya kazi. Malipo ya mkupuo, yanayotengenezwa nyuma ya pazia kwa CompletableFuture, njia ya Java ya kuendesha kazi pembeni, yakagoma: utekelezaji wa JAXB haujapatikana. Maktaba ile ile, seva ile ile, dakika ile ile! Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kwingine kote. JAXB humtafuta mtekelezaji wake kupitia kipakiaji cha klasi kilichofungwa kwenye uzi (thread) unaoendesha kazi. Uzi wa ombi la mtumiaji hupewa na Tomcat kipakiaji cha programu yetu, kinachoiona WEB-INF/lib. CompletableFuture usipoipa nyuzi zako hutumia bwawa la pamoja la ForkJoinPool, na tangu Java 9 nyuzi za bwawa hilo hubeba kipakiaji cha mfumo, ambacho hakijui chochote kuhusu WEB-INF/lib.

Wapo wanaotibu hili kwa kutupa mafaili ya JAR kwenye folda ya lib ya Tomcat. Sikupenda: programu zote za seva hiyo zingeyarithi, na kipakiaji cha mfumo bado kisingeyaona. Nilichofanya ni kuunda JAXBContext, kitu ambacho kazi zote za JAXB huanzia hapo, mara moja mfumo unapowaka, ndani ya ServletContextListener, klasi ambayo Tomcat huiita programu inapoanza, na kuigawa kwa wote. Ni salama kwa nyuzi nyingi. Marshaller, inayoandika XML yenyewe, si salama, hivyo kila kazi inaunda yake. Kazi za nyuma nazo nikazipa bwawa lao lenye kipakiaji chetu.

Faida ya pili ndiyo niliyoipenda zaidi: JAXB ikikosekana, mfumo unakataa kuwaka, na anayejua ni fundi aliyeuweka kwenye seva kabla mhasibu hajagusa chochote.

Si kila maktaba inastahili ukali huo. Apache POI, inayotoa ripoti za Excel, ikikosekana tunaficha kitufe cha Excel na kuandika onyo kwenye logi. Angalia tu kwamba NoClassDefFoundError ni Error, si Exception, hivyo catch (sehemu ya kodi inayodaka hitilafu) ya Exception inaipita bila kuigusa. Na ukiona logi inasema klasi imeshindwa kuanzishwa, panda juu utafute ExceptionInInitializerError ya kwanza kabisa. Sababu yenyewe iko huko, zinazofuata ni mwangwi.

Seva ya kujengea nayo sasa ina JDK 11, kwa hiyo pengo la aina ile linaonekana tangu wakati wa kukompaili. Tomcat 10 bado hatujaigusa. Huko javax.servlet imekuwa jakarta.servlet, na maktaba yetu moja ya ripoti haina toleo la jakarta.