Boila Inayowaka Bila Kuitwa

Boila ya kupasha nyumba joto haijiamulii wakati wa kuwaka. Huwaka kwa sababu kifaa kingine kimeiagiza, na ndiyo maana inaponguruma usiku wa majira ya joto, ilhali thamostati ya ukutani, yaani kifaa kinachopima joto la chumba na kuomba joto linapopungua, imeshushwa hadi mwisho, mimi huanza kwa kumtafuta anayeiita kabla ya kuishuku yenyewe. Fundi anayependekeza bodi mpya ya umeme kabla ya kuufuata waya unaoleta amri hunitia shaka, kwa kuwa bodi ni kipuri cha ghali na mara nyingi haina hatia.

Kwanza ziondolewe hali ambazo si hitilafu. Pampu ya kuzungusha maji huweza kuendelea kuzunguka kwa dakika kadhaa baada ya moto kuzimika, ili kuondoa joto lililobaki ndani ya boila. Boila nyingi hujiwasha pia maji yake yanapokaribia nyuzi 5 za Selsiasi, kuzuia mabomba yasigande. Zile zinazopasha maji ya bomba papo hapo, bila tangi, mara nyingi huwa na mpangilio wa kuweka maji kidogo yakiwa moto muda wote, hivyo huwaka kwa muda mfupi mchana na usiku hata kama hakuna aliyefungua bomba. Mpangilio huo kwa kawaida unaweza kuzimwa. Katika hali zote mbili za mwanzo na hii ya tatu, ziguseni radieta, yaani vipasha joto vya vyumbani vinavyopitisha maji moto: zikiwa baridi katika majira ya joto, huenda hakuna ubovu wowote.

Radieta zikiwa moto, shusheni thamostati hadi mwisho na mzime saa inayoratibu nyakati za kuwaka. Ikiwa thamostati ni ya mawimbi, bila waya, kitazameni kipokezi chake, kwa sababu vingi vina taa inayoonyesha kwamba joto linaombwa. Taa ikiwaka ilhali thamostati haiombi chochote, tatizo liko kwenye mawasiliano baina ya viwili hivyo. Taa ikizimika na boila ikaendelea kuwaka, basi ama swichi iliyo ndani ya kipokezi imeganda ikiwa inapitisha umeme, ama amri inatoka mahali pengine.

Katika mifumo yenye tangi la maji moto, mahali hapo pengine kwa kawaida ni vali ya mota, yaani kizuizi cha maji bombani kinachofunguliwa na mota ndogo, na hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie. Thamostati katika mfumo wa aina hii haizungumzi na boila moja kwa moja. Hupeleka umeme kwenye vali, mota huifungua, na vali inapofika mwisho wa mwendo wake hubonyeza swichi ndogo iliyo ndani ya kichwa chake. Ni swichi hiyo inayoiamuru boila kuwaka na pampu kuzunguka. Umeme ukikatwa, springi huirudisha vali na swichi huachia. Springi ikichoka, mhimili ukinata kwa chokaa na tope la mabombani, au swichi yenyewe ikiganda, amri hubaki palepale ingawa hakuna anayehitaji joto. Palipo na vali mbili, moja tu ikiharibika inatosha kuiwasha boila.

Vali nyingi zina kijiti pembeni. Vali iliyofungwa hukifanya kijiti kiwe kizito kukisukuma, na iliyo wazi hukiacha kikilegea. Baada ya hapo shikeni kwa uangalifu bomba linalotoka kwenye vali kuelekea radieta au tangi: likiwa moto ilhali hakuna anayeomba joto, vali imekwama wazi, likiwa baridi na boila inawaka, swichi ndiyo ya kushukiwa zaidi. Katika hali hii ya pili maji hayana pa kwenda, hivyo boila huwaka na kuzimika harakaharaka.

Kuna ubovu mwingine unaofanana na huu. Radieta zikipata joto kila mtu anapotumia maji moto, katika boila isiyo na tangi, vali ya ndani inayogawa maji inavujisha joto upande usiotakiwa. Hapo amri ni halali, njia ndiyo mbovu.

Uchunguzi huu wote hauhitaji kufungua kifuniko chochote, na ni vyema uishie hapo. Waya wa swichi ya vali huweza kubaki na umeme wa nyumba hata thamostati ikiwa imezimwa, na kifuniko cha boila ya gesi mara nyingi ni sehemu ya kuzuia moshi wenye kaboni monoksidi usiingie ndani, kwa hiyo kazi hiyo ni ya fundi aliyeidhinishwa. Mwelezeni mlichokiona kwenye kijiti na bomba. Mara nyingi atabadilisha kichwa cha vali pekee bila kumwaga maji ya mfumo, isipokuwa mhimili wenyewe uwe umekwama. Akimaliza, mwombeni awashe joto la nyumba peke yake, kisha maji moto peke yake, kisha azime vyote na kusubiri pampu isimame.