Kumtafuta taya pembezoni mwa Dodori

Tulivuka kwa boti kutoka Amu, yaani mji wa Lamu, hadi gati ya Mokowe, tukapanda gari la kukodi mpaka Hindi, na hapo tukaiacha lami tukashika njia ya Bargoni, ambayo kwa hali ya usalama ilivyo haipitwi bila ruhusa na askari wa kusindikiza. Nilikuwa nikimfuata taya, swala mdogo wa mbugani. Aina yake ya pwani hii ilielezwa kitaalamu mwaka 1895 na kupewa jina la Haggard, aliyewahi kuwa naibu konseli wa Uingereza papa hapa Lamu.

Hifadhi ya Dodori, iliyotangazwa mwaka 1976, ina ukubwa wa kilomita za mraba 877, nayo husifiwa zaidi kwa nyamera. Taya hatajwi sana, na sababu yake naiona wazi: ndege ya kuhesabia wanyama huwaona nyati na nyamera kwa urahisi, lakini taya, ambaye hata mkubwa wao hazidi sana kilo 20, hulala katika nyasi ndefu na kutulia mpaka hatari imkaribie. Hesabu ya angani inayomhusu siiamini.

Ulikuwa mwisho wa kaskazi, nyasi zimekauka na mbung'o wakali. Mzee aliyetuongoza, wa Kiaweer, jamii ya wawindaji wa jadi wa eneo hili, ambaye ujana wake ulikuwa kabla ya marufuku ya uwindaji ya mwaka 1977, alinitazama nikihangaika na darubini, akasema, "Hapa hutamuona, mwanangu. Twende palipoungua."

Palipoungua palikuwa pameshachipua. Taya ana mdomo mwembamba, hivyo huchagua jani moja moja, na tumbo lake dogo halifaidiki na mabua makavu kama la nyati. Ndiyo maana huyapenda machipukizi baada ya moto, na kiangazi kikizidi huongeza mimea mingine ya majani mapana. Maji ya kunywa hayamshughulishi sana, kwa kuwa mengi huyapata katika malisho na umande. Hata hivyo hakai katikati ya uwanja wa nyasi fupi, bali ukingoni, penye nyasi ndefu za kujificha, kwani mama humlaza mtoto humo kwa wiki kadhaa na kumrudia wakati wa kunyonyesha tu.

Dume mmoja aliruka karibu na miguu yetu, akapiga mluzi, akasimama mbele kidogo kututazama, doa jeusi likionekana chini ya sikio. Alipotoka, mzee alinionyesha bua lililong'atwa ncha na kupakwa utomvu mweusi wa tezi ya jicho, na hatua chache mbele lundo la kinyesi: mipaka ya milki yake. Kwa kuwa dume huishi na jike mmoja au wawili katika eneo lake, alama kama hizo zilinisaidia nisimhesabu mnyama yule yule mara mbili.

Askari walishikilia kwamba moto ni uharibifu mtupu. Mimi naona kinachodhuru ni moto unaofagia mbuga nzima kwa mara moja, kama vile ng'ombe wengi wanaokusanyika kiangazi wasibakize maficho. Tulipopita mahali pa namna hiyo hatukukuta hata kinyesi. Upande wa vijiji vya Milimani na Basuba hatukuruhusiwa kufika, kwa hiyo niliyoyaandika daftarini yanahusu ukingo wa Bargoni peke yake.